Kufuli na Deni: Uhakiki wa Ufungaji wa Faili na Ufanisi wa Uandishi katika Mfumo wa Faili wa Mtandao (NFS)

Ikisiri

Makala hii inahakiki usanifu wa Mfumo wa Faili wa Mtandao, maarufu kwa kifupisho NFS, kuanzia toleo la pili hadi la nne, kwa kuangalia mambo mawili ambayo aghalabu hujadiliwa mbalimbali: kufuli la faili na ufanisi wa uandishi. Hoja yetu ni kwamba mambo haya ni tatizo moja lenye chimbuko moja. Kuyatenganisha, kwanza katika usanifu na baadaye katika nyaraka za ununuzi za taasisi zetu, ndiko kunakoleta upotevu wa data usiopiga kelele. Mfano wa mradi wa kamusi unaoneshwa, ambamo kufuli lilifanya kazi yake barabara ilhali data iliyolindwa nalo ilipotea.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefungua faili lililohifadhiwa katika seva ya chuo huliona kama faili lolote la kompyuta yake mwenyewe. Hilo ndilo lililokusudiwa. Wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems waliobuni NFS katikati ya miaka ya 1980 walitaka programu zilizoandikwa kwa ajili ya diski ya ndani ziendelee kufanya kazi bila kubadilishwa, hata diski ikiwa katika jengo jingine. Walifanikiwa kiasi kwamba miaka arobaini baadaye maabara za kompyuta na vituo vya data, pamoja na vya ukanda wetu, bado vinaitumia itifaki hiyo, mara nyingi bila watumiaji kulijua hata jina lake.

Hata hivyo, diski ya mbali si diski ya ndani. Kati yake na programu kuna waya, kuna seva inayoweza kuzimika, na kuna watu wengine wanaoandika wakati uleule. Maswali mawili huzuka papo hapo. Seva inapojibu kwamba imekwisha kuandika, imeandika wapi: kwenye diski, au kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika? Na watu wawili wanapotaka kuandika mahali pamoja, nani anatangulia, na ni nani shahidi wa kutangulia kwake? Swali la kwanza huitwa la ufanisi wa uandishi. La pili ni la kufuli. Maandishi ya kiufundi huyaweka katika sura mbili tofauti. Washauri wa sera nao huyaweka katika mistari miwili ya zabuni: kasi kwa megabaiti kwa sekunde katika mstari mmoja, na uwezo wa kufunga faili katika mstari mwingine unaojibiwa kwa ndiyo au hapana. Mpangilio huo ndio tunaoupinga.

2.0 Kuhusu neno "kufuli"

Inafaa kwanza kulitazama neno lenyewe, kwa kuwa limetuponza. Kufuli, kwa msemaji wa Kiswahili, ni chuma kinachozuia. Asiye na ufunguo haingii. Kufuli la faili katika mifumo ya jamii ya Unix, kama lilivyoainishwa katika viwango vya POSIX, kwa kawaida si la namna hiyo. Ni la hiari. Programu inayouliza iwapo kufuli limeshikwa huambiwa ukweli. Programu isiyouliza huandika bila kuzuiwa na yeyote. Mfano ulio karibu zaidi nalo ni dumu la maji linaloshika foleni bombani. Mwenye dumu amekwenda sokoni, dumu lake lipo, na kila mwenye adabu anaiheshimu zamu yake. Lakini dumu halimzuii mtu kukinga. Yamkini istilahi "zamu" ingefaa zaidi, ila "kufuli" limekwisha kuenea, nasi tunalitumia humu kwa tahadhari hiyo. Ofisi zilizozoea kugawana mafaili kwa itifaki ya SMB ya upande wa Windows, yenye desturi ya kufuli la lazima, huingia katika NFS na matarajio ambayo NFS haikuyaahidi.

Kuna kasoro nyingine ya POSIX isiyohusiana na mtandao, nayo imelalamikiwa kwa miaka mingi. Programu ikifungua faili moja mara mbili, kisha ikamaliza na kulifunga mara moja tu kati ya hizo mbili, makufuli yote iliyokuwa nayo juu ya faili hilo huachiwa. Kiswahili hapa kinatuchezea: kufunga faili kunafungua kufuli lake. Kwa hiyo kijisehemu kimoja cha programu kinaweza kuangusha kufuli lililowekwa na kijisehemu kingine, na kisijue.

3.0 Seva isiyokumbuka

Katika makala yao ya mwaka 1985, Sandberg na wenzake walieleza uamuzi uliobeba usanifu wote: seva isitunze hali yoyote ya mteja. Kila ombi lijitosheleze, likitaja faili, mahali pa kuanzia na idadi ya baiti. Seva ikianguka na kuamka, haina cha kukumbuka. Mteja anarudia tu ombi lake mpaka ajibiwe. Ni uamuzi wa kupongezwa. Mitandao ya wakati ule ilikatika, mashine zilizimika, na usahaulifu huu wa makusudi uliondoa aina nzima ya matatizo ya kurejesha hali baada ya ajali. Toleo la pili, lililochapishwa kama RFC 1094 mnamo Machi 1989, liliuhifadhi.

Usahaulifu huo ulikuwa na bei, na wahakiki wengi wameitaja bei hiyo vipande vipande bila kuonesha kwamba mdai ni mmoja.

Kipande cha kwanza ni uandishi. Seva isiyokumbuka haiwezi kukopa. Ikisema imeandika, lazima iwe imeandika kwenye diski, kwa sababu ikianguka haitajua kwamba ilikuwa na deni. Katika toleo la pili ombi moja halikuweza kubeba zaidi ya baiti 8192. Faili la megabaiti moja lilihitaji basi maombi 128, na kila ombi liliweza kuilazimu diski kufanya kazi mara mbili au tatu: data yenyewe, maelezo ya faili, na wakati mwingine jedwali la kuonesha data ilipo. Diski nyingi za wakati ule zilizunguka mara 3600 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa takribani milisekunde 17. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Chet Juszczak wa Digital Equipment Corporation alionesha mwaka 1994 kwamba seva inaweza kuchelewesha jibu kidogo, ikusanye maombi kadhaa ya faili moja, kisha iandike maelezo ya faili mara moja kwa ajili ya yote. Hila hiyo ilipunguza kazi ya diski bila kuvunja ahadi. Wengine walinunua kadi za kumbukumbu zenye betri. Wengine tena waliiruhusu seva idanganye: ijibu kwamba imeandika ilhali haijaandika. Kundi hili la mwisho tutalirudia.

Kipande cha pili ni kufuli. Kufuli kwa asili yake ni kumbukumbu: fulani amelishika tangu wakati fulani, na bado hajaliachia. Seva isiyokumbuka haiwezi kulitunza. Wasanifu wa 1985 waliliona hilo na kulikiri waziwazi, wakieleza pia kwamba hawakupata taratibu za kufunga faili ambazo kila mtu angezikubali kuwa sahihi. Wakalitoa kufuli nje ya itifaki, wakalikabidhi kwa huduma ya pembeni ya kusimamia makufuli, nayo ikategemea huduma nyingine ya kufuatilia ni mashine ipi imeanguka na kuamka. Wasimamizi wa mifumo waliofanya kazi miaka ya 1990 wanazifahamu huduma hizo mbili kwa usumbufu wake: mteja aliyezimwa ghafla na asiwashwe tena aliacha kufuli likining'inia, bila mtu wa kulidai wala wa kuliachia.

Lakini usumbufu huo si kiini cha uhakiki wetu. Kiini ni kwamba ombi la kuandika halikubeba uthibitisho wowote wa kufuli. Huduma ya makufuli ilijua nani ana zamu. Huduma ya kuandika ilipokea data kutoka kwa yeyote mwenye ruhusa ya faili. Hazikuzungumza. Mteja aliyepoteza kufuli lake kwa sababu ya ajali ya mtandao aliweza kuendelea kuandika, na seva ikampokea kwa heshima zote. Kuongeza mwishoni mwa faili nako hakukuwa tendo moja lisilogawanyika: mteja aliuliza urefu wa faili, kisha akaandika kuanzia hapo, na wateja wawili waliouliza kwa pamoja waliandika mmoja juu ya mwingine. Mwongozo wa Linux bado unaonya hivyo juu ya NFS.

Daniel J. Bernstein, alipobuni Maildir kwa ajili ya programu yake ya barua iitwayo qmail, aliamua kuachana na kufuli kabisa. Kila barua ni faili lake lenye jina lisilorudiwa, huandikwa katika saraka ya muda, kisha huhamishwa likiwa limekamilika. Tunaiona hiyo kuwa hukumu kali zaidi iliyowahi kutolewa juu ya makufuli ya NFS, na ilitolewa kwa vitendo.

4.0 Deni lahamishiwa kwa mteja

Toleo la tatu (RFC 1813, Juni 1995) ndilo lenye wazo tunaloliona kuwa bora kuliko yote katika historia hii. Mteja aliruhusiwa kutuma data na kuiambia seva kwamba haina haja ya kuifikisha kwenye diski mara moja. Baadaye mteja hutuma ombi la kuthibitisha, na hapo seva hulazimika kukamilisha. Kila jibu la seva hubeba namba ya uthibitisho yenye baiti 8, ambayo lazima ibadilike seva inapoanguka na kuamka. Mteja hutunza nakala ya data yake mpaka uthibitisho urejee na namba ileile; ikiwa imebadilika, anajua kwamba seva ilizimika katikati, naye anatuma upya.

Seva inaendelea kusahau, lakini sasa deni linakumbukwa na anayedai, ambaye ndiye mwenye sababu ya kulikumbuka. Muuza duka mwenye daftari la mkopo angelielewa hili bila kufundishwa. Ufanisi uliongezeka sana kwa sababu seva iliweza kupanga kazi za diski kwa pamoja, na usalama haukupungua mradi kila upande utimize sehemu yake.

Kwa kufuli, toleo la tatu halikufanya lolote la msingi. Huduma ya pembeni ilibaki pembeni. Uandishi ulipata daftari, kufuli likaachwa na mdomo.

5.0 Toleo la nne na bei ya kila rekodi

Toleo la nne (RFC 3010 ya Desemba 2000, likafuatwa na RFC 3530 ya Aprili 2003) lilikubali kwamba seva lazima ikumbuke. Kufuli liliingizwa ndani ya itifaki, na ombi la kuandika likabeba kitambulisho cha hali kinachoonesha mwandishi anategemea ufunguzi au kufuli gani. Kufuli hutolewa kwa muda na lazima lihuishwe. Katika seva za Linux muda wa kawaida ni sekunde 90. Seva inapoamka baada ya kuanguka, huwapa wateja kipindi cha subira wadai makufuli waliyokuwa nayo kabla ya kuwapa wengine mapya. Mteja aliyekatika mtandaoni kupita muda wake anaweza kupoteza kufuli, na akijaribu kuandika kwa kitambulisho cha zamani hukataliwa. Huduma mbili zilizokuwa hazizungumzi sasa zimekuwa moja.

Kukataliwa huko ni jambo jema linaloweza kuishia vibaya. Kosa la uandishi katika NFS mara nyingi halijitokezi wakati programu inapoandika. Hujitokeza baadaye, wakati wa kulazimisha data ifike kwenye diski au wakati wa kulifunga faili. Programu nyingi haziangalii jibu la hatua hiyo ya mwisho. Mtumiaji huona kazi imehifadhiwa, kumbe imekataliwa.

Suala la ufanisi nalo linarudi kwa mlango mwingine. Ili kufuli liwe na maana, mteja anayelipata lazima aone data mpya, na anayeliachia lazima awe amefikisha yake. Kwa hiyo mteja wa Linux akipata kufuli huacha kuiamini kache yake ya faili hilo, na kabla ya kuliachia husukuma kila alichoandika hadi kwenye seva. Chukua programu inayofunga, kuandika rekodi moja, na kufungua. Kwa uchache inafanya safari nne za mtandao: kuomba kufuli, kusoma upya, kuandika kwa uthabiti, na kuachia. Ndani ya jengo moja, ambako kwenda na kurudi ni nusu milisekunde, hiyo ni milisekunde mbili ukiacha kazi ya diski, hakuna atakayelalamika. Kati ya miji miwili, ambako kwenda na kurudi ni milisekunde 30, ni milisekunde 120 kwa rekodi, na rekodi 1000 zinachukua dakika mbili. Programu ileile ikifunga mara moja, ikaandika rekodi zote 1000 za baiti 300 kila moja, na kufungua, jumla ya data ni kilobaiti 300, ambazo zinaingia katika ombi moja la kuandika. Safari ni zilezile nne. Dakika mbili zimekuwa takribani sehemu ya nane ya sekunde, na mtandao haujaguswa.

Mtu akilalamika kwamba seva ni nzito, basi, swali la kwanza lisiwe kuhusu diski. Liwe: programu inafunga mara ngapi? Katika uzoefu wetu swali hilo haliulizwi. Linaloulizwa ni kama kuna chaguo la kuongeza kasi, na bahati mbaya chaguo hilo lipo.

6.0 Mradi wa kamusi

Taasisi moja ya ukanda wetu, ambayo hatutaitaja, ilikuwa ikiandaa kamusi. Wahariri wanne waliingiza vidahizo katika faili moja lililokuwa kwenye seva. Programu waliyoandikiwa ilikuwa ya kiungwana: ilifunga faili, ikasoma namba ya kidahizo cha mwisho, ikaongeza moja, ikaandika kidahizo kipya, ikafungua. Toleo la nne la NFS lilitumika. Mwandishi wa makala hii aliitwa baadaye, kuangalia kwa nini rejeo za kamusi zilikuwa zinaelekeza kwenye maneno yasiyohusika.

Chanzo kilikuwa cha miezi kadhaa nyuma. Wahariri walikuwa wamelalamikia uzito wa mfumo. Mshauri alipima kwa kunakili faili moja kubwa, akaandika kasi yake, akapendekeza seva iwekwe chaguo la async. Kwa chaguo hilo seva hujibu kwamba data iko salama kabla ya kuifikisha kwenye diski, na hata ombi la kuthibitisha hujibiwa hivyo hivyo. Programu za Linux za kusimamia NFS ziliacha kulifanya kuwa la kawaida baada ya toleo lake la 1.0.0, kwa sababu hiyohiyo. Msimamizi anayelitaka lazima aliandike mwenyewe. Liliandikwa. Mfumo ukawa mwepesi na kila mtu akafurahi.

Alasiri moja umeme ulikatika. Betri ya dharura ilikuwa imekufa kitambo. Seva ilipoamka, wateja walidai makufuli yao katika kipindi cha subira, na yote yalirejeshwa kama itifaki inavyoagiza. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Lakini vidahizo vichache vya mwisho, visivyofika kumi, vilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya seva umeme ulipokwenda, na vilipotea. Wateja walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba viko salama, basi hawakuwa na sababu ya kuvituma tena. Daftari la deni lilikuwa limefutwa pande zote mbili.

Kupotea kwa vidahizo vichache ni jambo la nusu saa ya kazi. Madhara yalikuwa mengine. Faili lilikuwa limefupika, kwa hiyo programu ilisoma namba ya mwisho iliyobaki, ikaongeza moja, na kutoa upya namba ambazo zilikuwa zimekwisha kutolewa. Rejeo zilizoandikwa katika mafaili mengine siku ile, na ambazo zilikuwa zimefika kwenye diski, zilitaja namba hizo kwa maneno ya awali. Sasa zilielekeza kwa maneno mengine. Kila tendo la kuandika lilikuwa limefanywa chini ya kufuli halali. Kufuli lililinda utaratibu wa kupokezana zamu. Halikuwa na uwezo wa kulinda ahadi ambayo seva ilikuwa imekwisha kuivunja.

7.0 Kuhusu nyaraka za zabuni

Mtu anaweza kusema kwamba kosa ni la mshauri mmoja na betri moja. Hatukubali. Waraka wa zabuni wa seva ile ulitaka kasi ya kuandika, na ulitaka ufungaji wa faili. Vyote viwili vilitimizwa na vingepita ukaguzi wowote. Waraka haukuwa na mstari unaouliza kasi hiyo ipatikane chini ya ahadi gani.

Kwa washauri wa sera wanaosoma mijadala hii, tungependekeza mstari huo uandikwe hivi: kasi ya uandishi ipimwe kwa programu inayolazimisha kila rekodi ifike kwenye hifadhi ya kudumu, seva ikiwa na chaguo la sync, na umeme wa seva ukatwe mara kadhaa katikati ya jaribio, kila rekodi ambayo mteja aliambiwa iko salama lazima ipatikane baada ya kuwasha. Seva yenye diski ya kawaida itaonekana nzito katika jaribio hilo. Yenye kumbukumbu inayolindwa na betri, au diski za kielektroniki zilizo na kinga dhidi ya kukatika kwa umeme, itaonekana nyepesi, na tofauti ya bei yake itakuwa na maelezo. Katika miji kama Kampala, Bujumbura au Goma, ambako umeme hukatika bila taarifa, jaribio hilo si la kinadharia.

Pendekezo la pili linahusu programu. Faili moja linaloandikwa na watu wengi halifai kuwa chaguo la kwanza la mradi wowote wa pamoja. Waundaji wa SQLite wenyewe wanatahadharisha dhidi ya kuweka hifadhidata yao kwenye NFS, na namna yake ya uandishi iitwayo WAL haikubali kabisa kutumiwa na mashine mbalimbali kupitia mtandao. Hifadhidata yenye seva yake, ambayo peke yake ndiyo inayogusa faili, inaondoa suala la kufuli la mtandao mikononi mwa wahariri. Pale ambapo taasisi haina mtu wa kuitunza, njia ya Maildir bado inafaa: kila mhariri na faili lake, na muunganisho ufanywe na mashine moja.

Mradi wa kamusi ulichagua njia hii ya mwisho. Kila mhariri sasa ana faili lenye jina lake na fungu lake la namba, na seva inayaunganisha usiku. Chaguo la async limeondolewa, na hakuna aliyeona uzito, kwa kuwa hakuna tena kufuli la kugombea. Rejeo zilizoharibika haziwezi kutambuliwa kwa programu, maana kila moja inaelekeza kwenye kidahizo kilichopo. Zinasomwa kwa jicho, moja baada ya nyingine, na hadi makala hii inaandikwa wahariri walikuwa wamefika herufi M.